Makao ya Kobe wa Maji Uani: Mwongozo Kamili wa Kujenga Bwawa, Jukwaa la Mbao na Baraza

Kobe wa maji akitunzwa vizuri huishi miaka 30 na zaidi. Yule anayeuzwa akiwa anaenea kiganjani, mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, kwa jina la kitaalamu Trachemys scripta elegans, akiwa jike hufikisha gamba la sm 25 hadi 30. Ukishika jembe kuchimba bwawa uani, jua unamchimbia mnyama mzima, ambaye huenda akawa bado yupo hapo watoto wako wakiwa watu wazima.

Makao ninayoyaeleza hapa yana bwawa, nchi kavu ya kobe, jukwaa la mbao linalochungulia maji, na baraza iliyosakafiwa ya kukalia. Bwawa na nchi kavu ni vya kobe. Jukwaa na baraza ni vyako. Panga vya kobe kwanza. Baraza ikitangulia kuchorwa, bwawa hubanwa kwenye kona iliyobaki, mara nyingi kona yenye kivuli, na zege likishakauka hakuna namna rahisi ya kuhamisha jua.

Kabla ya kununua hata msumari

Anza na sheria ya mahali unapoishi. Umoja wa Ulaya ulimweka Trachemys scripta kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016, na tangu hapo kumfuga upya, kumuuza au kumzalisha huko ni marufuku. Marekani imezuia tangu 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sm 10 hivi, kwa sababu ya bakteria wa salmonela waliokuwa wakiwaambukiza watoto. Nchi nyingine zinadai kibali kwa kobe wa asili wa eneo husika. Uliza ofisi ya wanyamapori kabla ya kumleta mnyama nyumbani.

Kisha amua idadi. Kobe hahitaji mwenzake ili awe na furaha. Mmoja peke yake anaishi vizuri kabisa. Ukitaka zaidi ya mmoja, majike pekee huelewana kuliko mchanganyiko. Dume mmoja na jike mmoja ni mpango mbaya, kwa kuwa dume humsumbua jike huyo mchana kutwa hadi aache kula na kuogopa kuingia majini. Usichanganye pia wakubwa na wadogo. Kobe mwenye gamba lisilofika sm 10 abaki ndani ya nyumba mpaka akue, maana uani hata kunguru anaweza kumbeba.

Mahali pa kujenga

Tafuta sehemu inayopata jua la asubuhi na jumla ya saa sita hivi za jua kwa siku, na kivuli kiasi cha mchana. Jua kwa kobe ni afya ya mifupa. Miale ya UVB ndiyo inayouwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D3, na bila D3 mwili haufyonzi kalsiamu ipasavyo, gamba likawa laini na miguu ikapinda. Kioo na plastiki nyingi zinazopitisha mwanga huzuia miale hiyo, kwa hiyo paa la plastiki angavu juu ya sehemu ya kuotea jua linamnyima kobe kile hasa alichokifuata.

Epuka kujenga chini ya mti mkubwa. Majani yatajaza bwawa, na mizizi itasukuma turubai kutoka chini. Epuka vilevile bonde la ua, mahali ambapo maji ya mvua yote huelekea. Yatakuja na mbolea, sabuni na dawa za magugu kutoka kwingine. Hakikisha pia hakuna bomba wala waya uliofukiwa hapo. Ukishapata mahali, lala na wazo hilo siku kadhaa: tembelea asubuhi, adhuhuri na alasiri, uchomeke vijiti pale kivuli kinapoishia. Hivyo vijiti vitakuambia wapi paingie gogo la kuotea jua kuliko mchoro wowote.

Kamba na hesabu

Tandaza kamba nene au bomba la kumwagilia chini, ulichore bwawa kwa ukubwa wake halisi. Chora na jukwaa, na baraza, na njia ya kupita na toroli. Kaa kwenye kiti pale baraza itakapokuwa, utazame. Utashangaa jinsi mchoro unavyobadilika ukishakaa.

Kanuni inayotumika sana kwa matangi ni lita 15 za maji kwa kila sm 1 ya gamba. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha tangi. Bwawa la uani linapaswa kuwa na maji mengi zaidi, kwa sababu maji mengi hubadilika joto polepole na huchukua muda mrefu kuchafuka. Kwa majike wawili au watatu wazima, mimi ningelenga lita 5,000.

Tuchukue mfano ambao tutakwenda nao hadi mwisho: bwawa la urefu wa m 4 na upana wa m 2.5, eneo la mita za mraba 10. Tuligawe ngazi tatu. Ngazi ya juu ina kina cha sm 20 na eneo la mita za mraba 3. Ya kati ina kina cha sm 50 na eneo kama hilo. Ya chini ina kina cha sm 90 na eneo la mita za mraba 4. Zidisha kila eneo kwa kina chake: 0.6 jumlisha 1.5 jumlisha 3.6, unapata mita za ujazo 5.7, yaani lita 5,700.

Turubai huhesabiwa hivi: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sm 60 za kukunjia kingoni. Kwa mfano wetu ni 4 + 1.8 + 0.6, m 6.4. Upana ni 2.5 + 1.8 + 0.6, m 4.9. Ngazi hazibadilishi hesabu hii, kwani turubai hushuka na kwenda pembeni kiasi kilekile.

Kuchimba

Ondoa nyasi na udongo wa juu kwanza, uuweke kando. Utauhitaji kwa mimea. Chimba eneo lote hadi kina cha ngazi ya kwanza, kisha chora ngazi ya pili ndani yake, uchimbe, halafu ya tatu. Kuta ziwe na mteremko kidogo kuelekea ndani ili zisiporomoke. Upande mmoja, ule ulio mkabala na nchi kavu, usiwe na ukuta kabisa: ufanye mteremko wa taratibu, usiozidi nyuzi 30, ambao kobe atatoka nao kwa miguu yake bila kuhangaika. Kobe hupumua hewa. Akichoka na asipate pa kutokea, anazama kama mnyama mwingine yeyote.

Kitu kimoja ambacho hakivumilii haraka ni usawa wa kingo. Maji hayadanganyi, ukingo ukiwa chini kwa sm 3 upande mmoja, turubai litaonekana upande wa pili milele. Laza ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, weka pima maji juu yake, zungusha pande zote, na urekebishe kwa kushindilia udongo. Ukingo wote uinuke sm 5 hivi juu ya ardhi inayouzunguka ili maji ya mvua ya uani yasiingie.

Shimo hili litatoa zaidi ya mita 5 za ujazo za udongo, nao ukishachimbwa huvimba. Usiutupe. Sehemu itainua kichuguu cha kutagia, nyingine itasawazisha chini ya baraza.

Chimba sasa hivi pia mashimo ya misingi ya jukwaa na mtaro wa bomba la umeme. Kuchimba kando ya bwawa lililokwisha kutandikwa turubai ni kujitafutia balaa.

Turubai

Ng'oa kila jiwe kali na kila mzizi, kisha tandaza mchanga wa sm 3 hadi 5 kwenye sakafu za ngazi. Juu yake weka kitambaa kinene cha kinga kinachotengenezwa kwa ajili ya mabwawa. Zulia kuukuu linaweza kusaidia, ila huoza. Turubai lenyewe liwe la mpira aina ya EPDM, unene wa mm 1 au zaidi. Ni ghali kuliko plastiki ya kawaida, lakini kucha za kobe ni ndefu na hukwaruza palepale kila siku wanapopanda. Kwenye mteremko wa kutokea ongeza kipande cha pili cha turubai juu ya lile la kwanza, ukifunike na mawe bapa yenye mikwaruzo yaliyolazwa kwa mota ili miguu isiteleze.

Tandaza turubai likiwa limepata joto la jua, linakuwa laini. Lisivutwe likakaza; liache lilale lenyewe, ukunje mikunjo michache mikubwa badala ya mingi midogo. Jaza maji robo, rekebisha mikunjo, jaza nusu, rekebisha tena. Usikate kingo mpaka bwawa limejaa na kukaa siku mbili tatu, kwa maana uzito wa maji hulivuta turubai chini.

Usitie kokoto ndogo chini. Kobe humeza vijiwe, navyo huziba utumbo. Ukitaka mawe, yawe makubwa kuliko kichwa cha kobe wako, la sivyo acha sakafu tupu. Ni rahisi pia kuisafisha.

Pampu, chujio na umeme

Kobe huchafua maji kuliko samaki wa uzito uleule. Pampu izungushe maji yote ya bwawa mara moja kwa saa au karibu na hapo. Kwa lita 5,700 chagua pampu ya lita 7,000 kwa saa, kwa kuwa kila mita ya kupandisha maji hupunguza nguvu yake. Chujio liwe lile ambalo limeandikwa kuwa linatosha bwawa la ukubwa mara mbili au tatu ya lako. Namba za kwenye boksi zimepigiwa hesabu ya samaki wachache.

Weka pampu kwenye ngazi ya chini, ndani ya kizimba chenye matundu madogo. Mguu wa kobe ukinaswa kwenye mdomo wa pampu, hawezi kupanda kuvuta hewa. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi visanduku vya kuvuta taka za juu ya maji visivyo na wavu. Kobe mdogo huingia na kukwama. Maji yanayorudi yaanguke upande ulio mbali na pampu, ili bwawa zima lizunguke.

Panga pia tundu la kumwagia ziada: bomba la sm 5 lililotobolewa ukingoni kwenye kimo unachotaka maji yaishie, lifunikwe wavu, lielekee kwenye bustani. Bila hilo, mvua kubwa ya usiku mmoja itajaza bwawa na kuwainua kobe hadi kwenye ukingo wa uzio.

Umeme uachie fundi aliyesajiliwa. Mwambie unataka swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja kwa mA 30, waya wa nje ndani ya bomba lililofukiwa, na soketi isiyoingia maji iliyo juu ya ardhi, mbali na bwawa. Kabla ya kuingiza mkono majini, chomoa. Kila mara.

Nchi kavu: pa kuotea jua na pa kutagia

Hapa ndipo makao mengi hupungukiwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mtazame kobe aliyepata pahali pazuri pa jua. Hunyoosha shingo yote, akarusha miguu ya nyuma moja kwa moja, akatanua vidole hadi utando kati yake uonekane, na kufumba macho. Akikaa hivyo saa nzima, ujue umefaulu. Anapasha damu ili chakula kisagike, anakausha gamba ili kuvu na mwani visishike, na anapata ile UVB. Gogo likiwa na unyevu upande wa juu, faida ya kukausha gamba inapotea. Kwa hiyo gogo linaloelea lifungwe ili lisipinduke, au bora zaidi, gogo nene lilazwe upande mmoja ndani ya maji ya ngazi ya kati na upande mwingine ukingoni. Weka magogo mawili matatu, maana kobe mwenye nguvu hufukuza wenzake. Hakikisha kila gogo lina maji ya kutosha pembeni yake: kobe akishtuka hujitupa majini bila kutazama, na akiangukia ngazi ya sm 20 yenye mawe ataumia.

Magogo yaelekezwe mahali unapokaa, ila kwa umbali. Kobe wageni hushtushwa na kivuli cha mtu kilicho mita kadhaa. Mita 3 au 4 kutoka kitini hadi gogoni huwaacha walale na wewe ukaona kila kitu. Na gogo lisiunganishwe na jukwaa la mbao kwa namna yoyote. Hatua za watu hutikisa mbao, mtikisiko husafiri, na kobe wanaruka majini kabla hujaketi.

Sasa kutaga. Jike aliyekomaa hutaga hata kama hajawahi kuonana na dume. Mayai hayataangua, lakini lazima yatoke. Asipopata udongo anaouridhia huyabana, na mayai yaliyokwama tumboni humuua. Kila makao yenye jike yawe na kichuguu cha kutagia, hata kama huna nia ya kuzalisha.

Changanya mchanga na udongo wa kawaida nusu kwa nusu, urundike kwenye eneo la m 1.5 kwa m 1.5 au zaidi, kina cha sm 30 hadi 40, mahali pa jua panapoinuka kidogo ili maji yasituame. Kipimo cha mchanganyiko ni mkono: chimba kishimo cha sm 15, kuta zake zikisimama bila kubomoka, unafaa. Mchanga mtupu huporomoka na jike hukata tamaa. Siku za kutaga utamwona akizunguka ardhini bila utulivu, akinusa udongo. Akishachagua, humwagia maji kutoka kibofuni kuulainisha, kisha huchimba kwa miguu ya nyuma tu, wa kulia, wa kushoto, bila kuangalia nyuma hata mara moja. Mwache. Akisumbuliwa huondoka na kuanza upya kesho, au asianze.

Mayai ya kobe wa jamii hii hupata jinsia kutokana na joto la udongo: karibu nyuzi 26 hutoka madume, karibu 31 hutoka majike. Usipotaka vifaranga na una dume ndani, chimbua mayai mapema baada ya kutagwa.

Sehemu iliyobaki ya nchi kavu ipandwe nyasi na vichaka vifupi. Kobe hupenda kivuli cha kujifichia akiwa nje ya maji.

Uzio unaokalika

Kobe wa maji hupanda vizuri, na huchimba. Uzio uwe na uso laini usiopitisha macho. Wavu haufai, wakiona upande wa pili hutembea kandokando yake kutwa hadi pua zikachubuka, na wenye kucha ndefu huukwea. Kimo cha sm 45 hadi 60 kinatosha kwa kobe wengi, na msingi uingie ardhini sm 25 hadi 30. Kileleni pawe na kipande kinachochomoza kuelekea ndani sm 10 au 15. Pembe za ndani zifanye za mviringo, kwani kona ndiyo ngazi yao.

Upande wa baraza, napenda uzio uwe ukuta wa tofali wenye kimo cha sm 45, uliofunikwa kwa bamba la jiwe pana la sm 40 linalochomoza ndani. Kwa kobe huo ni ukuta asioweza kuuvuka. Kwako ni benchi la kimo sawasawa cha kukalia, lililo mbele kabisa ya bwawa. Upande wa jukwaa, jukwaa lenyewe ndilo uzio, kama tutakavyoona.

Tazama na juu. Kulingana na unapoishi, wa kuogopwa ni rakuni, nguchiro, kenge, mbwa wa jirani, panya au korongo. Kama wapo, tengeneza fremu nyepesi za mbao zilizowambwa wavu mgumu wa chuma, zenye bawaba, zinazofunikwa usiku juu ya eneo la kulala. Wavu hupitisha jua, kwa hiyo hata ukisahau kuufungua asubuhi hakuna dhara. Sehemu ya kina cha sm 90 nayo ni kinga: kobe anayelala chini huko ni vigumu kumfikia kwa mkono wa rakuni.

Jukwaa la mbao

Jukwaa hufanya kazi tatu: linakuleta juu ya maji, linawapa kobe kivuli, na linaziba upande mmoja wa uzio. Lijenge sm 50 juu ya usawa wa maji. Kwa kimo hicho kobe aliye chini yake ana hewa tele hata maji yakipanda, na hawezi kulikwea. Ukilijenga chini sana, sm 5 juu ya maji, umetengeneza mtego.

Udongo ulio kando ya shimo hauna nguvu. Misingi ya nguzo ikae angalau sm 60 kutoka ukingo wa bwawa: shimo la upana wa sm 30, kina cha sm 45 hadi 60, au zaidi pale ardhi inapoganda wakati wa baridi, lijazwe zege na kishikio cha chuma kinachoinua mguu wa nguzo juu ya unyevu. Juu ya nguzo lala mhimili, juu ya mhimili boriti za sm 5 kwa sm 15 zilizoachana sm 40. Boriti zichomoze juu ya maji, lakini mchomozo usizidi robo ya urefu ulioegemea nyuma. Mchomozo uvuke zile sm 60 za kutoka nguzo hadi ukingoni, ili ufiche ukingo wa turubai na kutoa kivuli. Sipendi nguzo zinazosimama ndani ya bwawa. Kila moja ni mahali turubai linaweza kutoboka.

Mbao ziwe za mti mgumu usiooza upesi. Jihadhari na mbao za zamani za kuokoteza zilizotiwa dawa: kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Mvua huiosha ikadondoka, na chini ni maji ya kobe. Ukipaka mafuta au rangi, paka vipande vikiwa mbali na bwawa na uviache vikauke kabisa kabla ya kuvifunga. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Acha nafasi ya mm 5 kati ya mbao.

Chini ya jukwaa, kwenye mstari wa ukingo wa bwawa, simamisha mbao zilizoshonana kutoka kwenye boriti hadi sm 25 ndani ya ardhi. Bila hizo kobe atahamia gizani chini ya jukwaa na hutamwona mpaka umpekue kwa tochi. Kisha kata mlango wa kuinua katikati ya sakafu, wa sm 60 kwa sm 60, wenye bawaba. Mlango huo ndio utakaokuwezesha kutazama kila pembe chini ya jukwaa.

Kwa kuwa maji yaliyo chini ni ya kina, weka kizuizi cha kimo cha m 1 hivi, chenye fito za wima zilizoachana chini ya sm 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Fito za mlalo watoto huzipanda.

Baraza

Baraza ijengwe mwisho, kwa sababu toroli zote hupita hapo. Ondoa udongo sm 20 hivi, shindilia, mwaga kokoto sm 10 na uzishindilie tena, kisha mchanga wa sm 3 uliosawazishwa kwa ubao, kisha vigae vya zege au mawe bapa. Funga kingo zote zisitembee.

Mteremko uwe sm 1.5 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na bwawa. Kila kinachomwagika kwenye baraza, sabuni, mafuta, chumvi, soda ya mtoto, kitafuata mteremko huo. Zege bichi nalo hutoa chokaa inayopandisha pH ya maji, kwa hiyo maji ya kuoshea vifaa vya saruji yasikaribie bwawa, na sehemu yoyote ya mota inayogusa maji isuguliwe, isafishwe na kubadilishiwa maji mara kadhaa kabla ya mnyama kuingia. Magugu kati ya vigae yang'oe kwa kisu. Dawa ya kunyunyizia usiilete kabisa ndani ya ua huu.

Taa ziwe chache, za chini, na zizimwe mnapoingia kulala.

Mimea

Kobe wazima hula mimea, hivyo kila unachopanda kihesabu kuwa chakula. Mayungiyungi hudumu ukiyaweka kwenye vyungu vizito vilivyofunikwa mawe makubwa. Gugu maji husafisha maji vizuri, lakini ni marufuku katika nchi nyingi na likitoroka huziba mito na maziwa, achana nalo. Ardhini panda haibiskasi, ambayo maua na majani yake huliwa. Usipande olianda, lantana wala difenbakia, zote zina sumu.

Kujaza maji na kusubiri

Maji ya bomba yana klorini, ambayo hupungua yenyewe yakikaa wazi siku moja au mbili. Baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Washa pampu na uiache ifanye kazi mfululizo.

Mkojo na kinyesi cha kobe hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huitumia. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kutosha, na huhitaji amonia ya kuanzia: tupa punje chache za chakula majini, au omba sponji ya chujio kutoka bwawa lenye afya. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia na nitriti zikisoma sifuri huku nitrati ikionekana, chujio limeiva.

Tumia wiki hizo kukagua uzio. Mimina maji mengi kwa bomba, uone ziada inatokea wapi. Panda jukwaa, rukaruka.

Kumwingiza kobe

Mlete msimu wa joto, wakati maji hayashuki chini ya nyuzi 18 hata usiku. Kobe mpya anayejiunga na wengine akae peke yake kwanza angalau mwezi, na miwili ni bora. Mweke ukingoni, kwenye mteremko, umwache aingie mwenyewe. Siku za mwanzo atajificha na pengine asile. Keti kwenye benchi kila siku saa ileile, ukiwa na chakula. Baada ya muda atakuwa anakuja mwenyewe.

Mzima alishwe kila baada ya siku mbili au tatu, majani mabichi kwa wingi na punje za kobe kwa kiasi. Kipande cha mfupa wa ngisi kinachoelea humpa kalsiamu na kunoa mdomo.

Kila wiki badilisha maji sehemu ya kumi hadi robo. Sponji za chujio zioshe kwa maji ya bwawa yaliyotolewa kwenye ndoo, kamwe si ya bomba, maana klorini itaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Mahali penye baridi kali, kobe huacha kula maji yakikaribia nyuzi 15, na chini ya 10 hutulia chini kabisa. Mzima mwenye afya, wa jamii inayozoea baridi, anaweza kupita kipupwe bwawani iwapo kina kinafika m 1 au zaidi, yaani kuzidi kile cha bwawa letu la mfano, na barafu haifuniki uso wote. Tundu libaki wazi ili gesi zitoke. Usivunje barafu kwa kugonga, iyeyushe kwa sufuria ya maji moto iliyowekwa juu yake. Mgonjwa, mchanga, au wa jamii ya nchi za joto, mwingize ndani kabla baridi haijaanza.

Osha mikono kwa sabuni kila ukigusa kobe au maji yake, na usioshe vifaa vya bwawa kwenye sinki la jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano watazame bila kushika. Siku ukishindwa kuendelea kumtunza, tafuta mfugaji mwingine au kituo cha kuokoa wanyama. Usimwachilie mtoni wala ziwani. Huko hushindania chakula na mahali pa jua na kobe wa asili, na anaweza kuwapelekea magonjwa wasiyoyajua.